Mwali wa Buluu Jikoni mwa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Susana alikuwa na kazi moja: kulisha mtambo wa biogesi. Alizoa kinyesi cha ng'ombe wao, akateremka mferejini kuchota maji, kisha akavikoroga pamoja na kuvisukuma shimoni. Humo kinyesi kilichacha na kutoa gesi iliyopita kwenye bomba mpaka jikoni. Bibi akiwasha kiberiti, mwali wa buluu ulichanua bila moshi hata chembe. Bibi alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alimwonya akae mbali na moshi.

Lakini Susana, yule binti! Miguu yake ilikuwa kijijini kwao Nkoaranga, akili yake mawinguni. Alipenda kukaa kwenye mzizi wa mringaringa, mti mkubwa uliotia kivuli mibuni yao, akitazama ukungu ukipanda polepole Mlima Meru. Ndani ya ukungu ule aliona nyumba nyeupe na ng'ombe wakitembea hewani. Akizinduka, saa ya shule imefika na ndoo bado tupu.

Asubuhi moja aliona maji ambayo Mama alifulia nepi za mdogo wake, Calvin, yamewekwa karibu na mtambo.

"Maji ni maji tu," alijiambia, akayamimina yote, povu likielea juu. Muda wa kwenda mferejini akautumia kuota chini ya mti. Kesho yake akarudia, na keshokutwa, hadi ikawa mazoea.

Mwali ukaanza kunywea. Maharage yakawa hayaivi, na mwishowe hata chai ikashindikana. Bibi akarudi kwenye mafiga, akipuliza kuni mbichi huku macho yamemwiva.

Jumamosi Baba alikuja uani na shoka begani.

"Nimempigia fundi wa mtambo," alimwambia Bibi. "Ameniuliza kama tunatia maji ya sabuni, maana sabuni huua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Nikamwambia haiwezekani, Susana wangu huchota maji mferejini kila siku. Basi akasema kama ni hivyo, mtambo umeharibika. Nitaukata mringaringa tupate kuni."

"Kama hakuna jinsi, kata tu, Kaanaeli," Bibi alijibu, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nitavumilia."

Susana aliyasikia yote akiwa kando ya mti. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mti utaanguka, macho ya Bibi yataharibika, na Baba ataendelea kumwita Susana wangu. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote.

Baba aliusogelea mringaringa, akainua shoka.

"Baba, usikate!" Susana alipiga kelele. "Ni mimi! Nilitia maji ya nepi. Sikwenda mferejini, nilikaa hapa kuangalia mawingu."

Baba alishusha shoka taratibu. "Na mimi nimekutetea kwa fundi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, Baba. Bibi, nisamehe."

Baba alitoa simu, akampigia fundi tena. Fundi alisema mtambo unaweza kupona, ila kwa subira: watoe tope lililoharibika, watie kinyesi kipya na maji safi, kisha wangoje.

Siku zile za kungoja, Susana aliokota matawi makavu na kupika kwenye mafiga pamoja na Mama ili Bibi asikaribie jikoni. Moshi ulimuuma macho hadi akalia, na hapo ndipo alipojua alichomfanyia Bibi. Kila asubuhi alichota maji mferejini, ndoo ikimlowesha sketi.

Wiki zikapita. Siku moja Bibi aliwasha kiberiti, na mwali wa buluu ukachanua. Susana aliutazama, akitamani asipepese macho.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, akimshika bega, "shimo lile hurudisha kile tunacholilisha. Uvivu wako ulirudi kwangu ukiwa moshi, na ukweli wako umeokoa mti na macho yangu. Kuota sikukatazi. Chota maji kwanza, kisha kaa chini ya mti wako uote kwa raha."

Nje ukungu ulikuwa ukipanda. Baba aliyekuwa mlangoni akasema, "Nenda kauangalie, Susana wangu. Leo umemaliza kazi."