Doa Lililochelewa

"Sukari imeingia mdudu. Ghorofa ya tatu. Usifyatue risasi."

Ilikuwa sauti ya Profesa Cuskelly. Simu ikakatika.

Kachero Imogen Kitto alificha bastola yake ya Glock chini ya koti jeupe la maabara, akapanda ngazi mbili mbili. Mvua ya Townsville, Australia, ilikuwa haijakatika mwezi mzima. Mvua hiyo ndiyo iliyoleta homa ya udongo, na homa ilikuwa imemlaza Merv, mume wa Profesa, wodini wiki ya tatu sasa.

Dawa yake ilikuwa sukari. Siyo ya chai, jamani! Profesa aliiunda kipande kwa kipande, miaka sita, akianzia na sukari ya miwa. Ilikuwepo chupa moja tu, ndogo kama kidole. Madaktari walikuwa wameshatia saini: saa sita mchana Merv adungwe.

Saa nne na robo, mtafiti mgeni, Dokta Falk, alimwelekezea Profesa bastola maabarani.

Mezani, chupa mbili.

"Ipi, bibie? Wanunuzi wangu wanangoja melini."

"Kamuulize mamako."

"Mimi mkemia wa rangi miaka ishirini. Sihitaji kuambiwa."

Akadondosha tone la kila chupa kwenye kibao cha kupimia, akawasha taa ya zambarau. Tone la kwanza likaacha doa.

La pili, hakuna kitu.

"Maji matupu!" Akaisukuma chupa ya pili. Ikaviringika hadi ukingoni, ikadondoka.

Imogen, aliyekuwa ameingia kimya na kujibanza nyuma ya meza, aliidaka hewani.

Falk akatia chupa ya kwanza mfukoni, akageuka.

Akapokewa na Imogen kwa bamba la chuma la hita, kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Pingu.

"Mwenzangu yuko getini," alifoka.

Imogen akabonyeza redio. "Geti?"

"Tumeshamlaza chini," wakajibu askari wa getini.

Profesa akakichukua kibao cha kupimia. Akakichovya kwenye asidi, akakichoma kwa hita. Taratibu, pale palipokuwa patupu, doa likajitokeza, jeusi kama mkaa.

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hili," alimwambia Falk. "Sukari yangu haionekani kwenye taa. Mpaka uiunguze."

"Na hii niliyochukua?"

"Mabaki ya somo la jana. Wanafunzi walikosea."

Kisha akaipokea ile chupa ya pili kutoka kwa Imogen, akaishika kwa mikono miwili, akaangua kilio.

Imogen akatundika koti jeupe, akatoa ufunguo wa gari.

"Wodini dakika nane, Profesa. Lia huku tukienda."