Piano Haina Maneno

Mwaka 1955, katika msongamano wa soko la Darajani, Gharib alikanyaga buibui la mwanamke mmoja.

"Niwie radhi, bibi." Kisha akamtambua. "Shemsa, roho yangu. Hata salamu?"

"Roho yako hukuitetea." Shemsa akauvuta ukingo wa buibui kutoka chini ya kiatu cha Gharib. "Mamako kaivunja posa yetu mbele ya shangazi zangu, kasema mpiga piano hafai kuwekwa ndani. Nawe ulikuwa nyuma ya mlango, unasikia, kimya."

"Nlimwonea haya mama."

"Njoo ukumbini jioni, basi, napiga piano. Mlete naye." Sauti yake ilikuwa tamu mno.

Alikwenda moja kwa moja kwa shoga yake, Sichana. "Muziki ukipanda, inuka kama unayekuja kunitunza. Ukifika kwa Gharib, mtupie asumini usoni. Mji mzima umjue aliyeniacha."

"Kwani taarabu hiyo? Piano haina maneno."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Jioni Shemsa alikaa jukwaani na gauni la hariri ya kijani, mtandio begani. Akaanza kile kipande cha mapenzi cha yule mtunzi Mhungaria, ambacho zamani Gharib akisimama kichochoroni kukisikiliza dirishani kwa mwalimu wa Kigoa aliyemfunza Shemsa. Leo alikigonga kama anayetwanga kisamvu.

Sichana akainuka, akamwendea Gharib mkono juu. Kabla hajatupa, Gharib alimnyang'anya asumini, kanzu ikamponyoka mamake, Bi Kazija, aliyekuwa akimvuta. Wazungu wa safu ya mbele wakageuka. Gharib akapanda jukwaani, akayaweka maua juu ya piano, akajinyooshea kidole kifuani.

"Napigiwa mimi," akauambia ukumbi. "Aliyemwacha binti huyu ni mimi."

Wanawake wa nyuma wakashindwa kujizuia, vigelegele vikapasuka. Shemsa hakuinua kichwa mpaka akamaliza.

Nje Shemsa akamwambia Gharib, "Umeniharibia kisasi changu."

"Nshajiaibisha mwenyewe, mpenzi."

"Nilitaka nikuaibishe mimi. Sasa namtaka mamako. Aje kwetu Kikwajuni mchana, mabaraza yamejaa, aombe posa upya."

"Akikataa?"

"Nyamaza tena, nikujue."

Bi Kazija alikuwa akishuka ngazi, uso umemkunjamana. Gharib akamgeukia, watu wote wakisikia. "Mama, kesho tunakwenda Kikwajuni kuposa. Usipokwenda, ntakwenda peke yangu, kama mtu asiye na mzazi."

"Peke yako? Watu waseme nini?"

"Waseme."

Bi Kazija akawatazama waliosimama kumsikiliza. "Haya. Baada ya adhuhuri. Tutafute gari."

"Kwa miguu, Bi Kazija," akasema Shemsa, akijifunika buibui kuficha kicheko. "Watu wakuone."