Mita ya Mume Wangu Iliitwa Redio

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka ishirini na saba na tayari naitwa mjane. Hapa Garissa nauza sukari na majani ya chai. Wateja wananijua: sukari naipima mara mbili, na kwa bei simwogopi mtu. Lakini siku ile kwenye kizuizi cha barabarani... nilishindwa!

Mume wangu Mutinda alikuwa fundi wa umeme. Mita yake ya kupimia umeme ilikuwa nzito kama tofali, ganda gumu jeusi, nyaya za kupimia zimevikwa mpira mnene. Iliwahi kuanguka kutoka juu ya lori na sindano ikaendelea kucheza. Alipoanguka yeye, alichechemea wiki nzima.

Vita vya shifta, wale waasi wenye silaha, vilikuwa vimepamba moto. Lori halikwenda popote bila msafara wa askari. Tulikuwa tunaelekea Kotile pamoja na Bashir, mwenye kinu cha unga huko, ambaye jenereta yake ilikuwa inasumbua. Kizuizini askari akafungua mkoba wa Mutinda.

“Hii ni redio ya kuongea na shifta!”

“Hapana, afande, inapima umeme tu. Tazama.”

Maskini mume wangu! Akaigusisha kwenye betri ya lori. Sindano ikaruka.

“Umeona? Imeshika stesheni!”

Nilibembeleza. Nikatoa sukari, nikaongeza majani ya chai. Akapokea vyote... na mita akabaki nayo! Utashindana bei na mwenye bunduki?

“Abaayo, dada yangu, usilie,” Bashir akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, kila “p” ikigeuka “b”. “Mimi iko na ingine, mbya kabisa. Nilibata rahisi.”

Ilikuwa nyepesi kama kiberiti. Mutinda akaijaribu kwenye betri ileile, ikafanya kazi, akaridhika. Lakini mbele yetu ilikuwa barabara ya Kotile, inayotikisa mtu hadi meno... Kumbe njiani waya mwembamba ndani ya mita ulikatika!

Tulipofika, Mutinda alizima swichi kubwa ya kinu, jenereta ikinguruma. Akapima. Sindano ikalala kwenye sifuri. Akashika waya...

Swichi ilikuwa imekwama ndani. Umeme ulikuwa unapita!

Bashir alikimbia kuzima injini. Mutinda alikuwa bado anahema. Nikamsihi dereva aturudishe hospitali Garissa.

“Bila askari siendi, mama. Tutauawa sote. Msafara ni kesho.”

Nilimwahidi duka langu lote! Akatia ufunguo wa lori mfukoni. Mume wangu alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na lori limeegeshwa palepale mbele yetu.

Bashir bado huja dukani, hukaa. Sijui nimchukie au nimpe chai... Nampa chai.

Enyi mafundi, nanyi wake za mafundi, nawasihi! Kifaa kinacholinda uhai msikichague kwa urahisi wa bei yake. Hata kikiwa kizuri, kijaribuni palepale kazini, kwenye umeme mnaojua upo, kabla ya kupima na baada ya kupima. Msipokuwa nacho, acheni kinu kilale. Watu wa Kotile walirudia kutwanga mahindi kwa mikono baada ya msiba wetu. Walilalamikia mabega, lakini wakala, wakalala.