Ombi Limekataliwa

Katika wodi ya watoto njiti mjini Morogoro, kilezi, kitanda cha mashine cha kulelea watoto hao, kilikuwa kikifanya kazi ya wauguzi wanne. Kilimpulizia mtoto hewa, kikampasha joto, kikampima uzito na kumdondoshea maziwa, yote kwa wakati mmoja. Siri yake ilikuwa Sambamba, maktaba ya msimbo wa kompyuta iliyoiwezesha kila kazi kuendelea bila kungoja nyingine imalizike.

Asubuhi hiyo fundi alifunga pampu mpya ya hewa. Kilezi kikanyamaza. Kwenye kioo chake yakatokea maneno mekundu: OMBI LIMEKATALIWA.

Mhandisi Salha Mndeme alipoingia mbio, alimkuta muuguzi Ngwendu akimpumulia mtoto kwa mfuko wa mkono.

"Ombi gani? Limekataliwa na nani?" Salha alifoka, vidole vikikimbia kwenye kibodi.

"Mimi ndiye wa kukuuliza, Mhandisi. Vidole vyangu vimekufa ganzi."

Salha alipekua msimbo, hasira zikimpanda. Hatimaye akaona. Sambamba hupokea kifaa kikitimiza mkataba: kikubali kusitishwa kidogo, kisha kuendelea pale kilipoishia. Pampu ilitimiza hayo yote, ila kwa mkataba wa toleo jipya. Jina lilelile, ahadi zilezile, lakini Sambamba iliiona pampu kama mgeni kabisa.

Akaandika daraja, kipande kifupi cha msimbo cha kuipatanisha mikataba hiyo miwili. Pampu ikavuma. Kifua cha mtoto kikapanda na kushuka. Ngwendu akaachia mfuko, akaegemea ukuta.

Salha akampigia mkuu wake, Kisamo. "Nabadilisha na ujumbe wa kiooni. Useme pampu inafuata mkataba mpya, iwekewe daraja."

"Salha, tumeshayazungumza haya. Pampu si imewaka? Ujumbe ni wa mafundi, watajijua."

"Mimi ni fundi, na sikujua! Mtoto nusura afe nikibahatisha!"

Kisamo akakata simu. Salha akaubadilisha hata hivyo, huku akisonya.

"Mama yake yuko wapi?" akauliza alipomaliza.

Ngwendu akashtuka. "Alikuwa amesimama hapa kitanda kilipozimika. Sikumwona akitoka."

Walimkuta nje ya geti, ameketi chini, kanga ya mtoto ameikumbatia kifuani. Aliitwa Mwantumu. Salha akachuchumaa mbele yake.

"Mama, mtoto anapumua. Mashine imepona."

Mwantumu alimtazama kama haelewi. "Lakini niliomba awekwe humo. Nikasoma mwenyewe, ombi limekataliwa."

Salha angemweleza nini? Kwamba ombi lile lilikuwa la pampu?

"Halikuwa ombi lako, mama," akasema. "Tuliandika vibaya."

"Baba yake nimeshamwambia, kwa simu ya kuazima," Mwantumu akanong'ona. "Ndugu wako njiani, wanakuja kuzika."

Salha akatoa simu yake, akampa. Mwantumu akakosea namba mara mbili. Basi Salha akawa anabonyeza, mama yule akimtajia tarakimu moja moja.