Kikaragosi Mwenye Mdomo Mwepesi

"Dada wa gauni la njano! Mbona unapita kama hujaniona?"

Ukumbi wa maonyesho ya ajira ulifurika wanafunzi siku ile, kila mmoja na bahasha ya vyeti kwapani. Binti akageuka. Aliyemwita alikuwa kikaragosi wa kitambaa, kipara, macho ya vifungo. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati limejaa madoa ya rangi, akitazama sakafu kwa haya.

"Niongee na wewe au na huyo aliyekubeba?" binti akauliza.

"Huyu? Mpagazi tu, hana maneno."

Binti alikuwa akitafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika mashirika ya sanaa za vijana, na hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akauliza vijana wa shirika lao la vikaragosi wakimaliza mafunzo huenda wapi. Akauliza kama mwanafunzi wa mafunzo hufundisha au hufagia tu.

"Bi Maswali! Umekuja kuomba nafasi au kunikamata?"

Binti akacheka mpaka bahasha ikamwanguka. Kabla hajaondoka aliacha namba yake ya simu. "Nampa huyu mwenye kipara," alisema, "wewe mpagazi usiiguse."

Mpagazi aliigusa jioni ile ile. Kwenye simu alikuwa mzito wa maneno mwanzoni, lakini mapenzi ni shule, na yeye hakuwa mtoro. Haukupita muda simu zikawa za "umekula, mpenzi?" na "kata wewe kwanza." Binti akamsimulia mashirika aliyoyatembelea: la ngoma, ambako walimchezesha mpaka magoti yakalia, na la michoro ya ukutani, ambako vijana walimkabidhi brashi kabla ya kumkabidhi kiti.

Usiku mmoja akamfunulia la moyoni.

"Baba anajua niko ofisini kwa mjomba, napanga mafaili ya bima. Mjomba ananisitiri tu."

"Baba yako, fundi bomba mzima, anadanganywa?"

"Usicheke, bwana. Nikipata barua ya kukubaliwa nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Akilisikia kwa mtu mwingine, hataniamini tena maisha yake yote."

"Nimekuelewa, kipenzi."

Alielewa kwa masikio, si kwa akili. Watu wa vikaragosi wana ugonjwa wao: wakisikia neno tamu sokoni au kwenye foleni hulibeba, na kwao kulirudia jukwaani ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Jumamosi kijana akamwekea kiti cha mbele katika ukumbi wa maktaba. Binti alikuja na shangazi yake, aliyejifunga kilemba cha maua kana kwamba anakwenda harusini. Pazia likafunguka. Akatokea kikaragosi mwenye ovaroli na spana mkononi, akitamba: "Binti yangu? Yuko kwa mjomba wake, anapanga mafaili!" Nyuma yake kikaragosi msichana akawa anakata kiuno kwa ngoma.

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Shangazi alicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaanza kumwisha kidogo kidogo.

"We mtoto," alinong'ona, "huyu si kaka yangu huyu?"

Baada ya onyesho kijana alikuja mbio, jasho linamtoka, uso umejaa furaha. "Umeonaje? Nimekutungia wewe!"

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Lakini sikutaja jina..."

"Fundi bomba, mjomba, mafaili! Ulibakisha nini, namba ya nyumba?"

Binti akaondoka, na tangu hapo simu ya kijana ikawa inaita bila kupokelewa.

Simu ya shangazi ilifika nyumbani kabla ya binti. Baba alikuwa ameketi kizingitini akisafisha spana zake, na hakuinua kichwa.

"Nasikia huko mjini mimi ni kichekesho."

Binti akapiga magoti, akasema yote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ngoma hainiumi, mwanangu. Kinachoniuma ni kuwa wa mwisho kujua."

Kwa siku kadhaa hakumsemesha ila salamu. Binti alilia, sikufichi, alilia sana. Kisha asubuhi moja baba akauliza, "Hiyo barua imetoka?"

"Watu wa michoro wamenikubali."

"Nenda. Ila kila jioni uniletee habari za kweli, hata zikiwa mbaya."

Shirika la vikaragosi nalo lilimpa nafasi, akaikataa bila kusita.

Siku kijana alipokuja, binti alikuwa juu ya ngazi, akichora ukuta, rangi ya buluu imemganda shavuni. Mikono ya kijana haikuwa na kitu. Aliitia mifukoni, akaitoa, akairudisha.

"Msemaji wako yuko wapi?"

"Nimemwacha. Nimekuja mwenyewe."

"Haya, sema."

"Nilidhani... nilidhani nakusifu. Sikukuuliza. Nimekosa. Lile igizo nimeliondoa."

"Si walilipenda?"

"Walilipenda mno. Bosi amenuna mpaka leo." Akaitoa tena mikono mifukoni. "Na jana nilikwenda kwa baba yako, nikamwomba radhi."

Brashi ikasimama hewani. "Kwa baba? Akasemaje?"

"Alikuwa anazibua sinki. Akanipa tochi nimmulikie. Akasema tochi yenyewe naishika vibaya."

Binti alitaka kubaki na hasira, zikamponyoka. Alicheka, na akilini mwake akajua bado anampenda mpumbavu huyu. Akashuka ngazi.

"Nikikuambia jambo sasa hivi, litaishia wapi?"

"Kwangu. Wallahi, kwangu."

Binti akajiinua kwa vidole vya miguu, akamnong'oneza sikioni, na kijana akaufunika uso wake kwa mikono yote miwili.

Alimwambia nini? Najua, msimulizi hakosi kujua. Lakini maneno yana mwenyewe, na mwenyewe hajaniruhusu.