Vituo Kumi na Kimoja

Mtelezi ulipofika kwenye ufa wa kwanza ulipunguza mwendo, ukashusha masikio yake mawili hadi yakagusa barafu, kisha ukasema kwa sauti ya mzee: "Pita, mwanangu. Hapa pamekaza."

Injinia Tumsifu Mbwambo, abiria pekee, alijikunyata ndani ya koti lake. Chombo hakikuwa na usukani wala dereva. Kilituma mawimbi ya sauti chini, kikapima unene wa barafu kwa jinsi yalivyorudi, kikajichagulia njia juu ya bahari iliyoganda ya kaskazini mwa Grinlandi. Aliyekibuni ni yeye, huko Arusha, mtoto wa Same aliyekulia kwenye vumbi la mkonge na kuijua barafu ya kwenye glasi ya soda tu. Zamani alipenda kuwasimulia watu jambo hilo huku akicheka. Sasa lilimtia aibu.

Miezi miwili nyuma, mtelezi kama huu ulikuwa umezama kwenye mlango wa mto, ukamchukua Ivalu, binti wa miaka ishirini na sita. Tangu siku hiyo hakuna mwanakijiji aliyekubali kuupanda tena. Kampuni iliyovitengeneza vyombo ikamtuma Tumsifu.

"Mpe baba wa marehemu pole, wahakikishie watu kwamba vyombo ni salama, urudi," mkurugenzi alimwambia. "Habari za nani kakosea usiziguse kabisa. Tunaelewana, dada?"

Walielewana. Tatizo ni kwamba Tumsifu alikuwa amekwisha kuzipitia rekodi zote za mafunzo ya chombo, na aliyekosea alimjua vizuri.

Kijiji kilikuwa nyumba ishirini hivi za mbao, nyekundu na buluu, zilizobanana chini ya mlima. Mitelezi sita iliyobaki ilikuwa imeegeshwa ikitazama ukuta, na spika zake zimefungwa kwa ngozi za sili. Jirani mmoja wa makamo, Arnaq, alimpokea, akamkalisha, akamvua viatu bila kuuliza na kuvitundika juu ya jiko vikauke. Ndivyo wanavyomfanyia kila mgeni, hata yule ambaye hawakutaka aje.

"Tumeiziba midomo," Arnaq alisema, na kifaa cha kutafsiri kilichokuwa sikioni mwa Tumsifu kikayageuza maneno yake kuwa Kiswahili. "Hatuwezi kumsikia Miteq akizungumza humo, wakati Miteq mwenyewe hazungumzi tena."

Mzee Miteq ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia hodari kuliko wote pwani ile. Kwa majira mawili ya baridi kampuni iliweka kinasa kwenye sleji yake inayokokotwa na mbwa, kikarekodi kila alichofanya na kusema, ili mtelezi ujifunze kwake. Sauti yake nayo iliwekwa ndani ya chombo, ili watu wakiamini. Wakakiamini. Naye ndiye aliyekuwa baba yake Ivalu.

Tumsifu alimkuta ameketi dirishani, mikono juu ya magoti. Mzee alipofungua kinywa, Tumsifu alishtuka, kwa kuwa sauti ile ndiyo iliyomwambia apite njia nzima.

"Injinia, nina swali moja tu. Chombo nilikifundisha mimi. Nilikosea wapi?"

"Mzee, hukukosea."

"Usinibembeleze. Kila siku naipita njia ile kichwani, natafuta nilipowaonyesha vibaya. Ivalu alipajua pale mtoni, tulipita naye mara nyingi. Lakini alinisikia nikimwambia apite. Angebishanaje na baba yake?"

Tumsifu alikuwa na maneno ya kampuni tayari, ameyakariri ndani ya ndege. Akamtazama mzee yule aliyekonda kwa kosa lisilo lake, yakamkauka mdomoni. Akisema ukweli kazi yake ingeishia hapo, alijua.

"Ulikuwa ukisimama," alisema. "Kila safari, mara kumi na moja. Unashuka, unapiga barafu mara tatu kwa fimbo yako ya chuma, unasubiri. Mahali pengine mnakunywa na chai. Mimi nilikaa ofisini nikitazama, nikafikiri, huyu ni mzee, anachoka. Nikavikata vituo vyote ili mtelezi usipoteze muda."

Arnaq, aliyekuwa mlangoni, alijifunika uso kwa viganja.

Kule mlangoni mwa mto, mkondo huila barafu kutoka chini. Inabaki nene, lakini teketeke kama mkate uliolowa. Masikio ya mtelezi yalisikia unene, yakaridhika. Fimbo ya mzee ilijua zaidi, na kusubiri kwake kulijua zaidi ya fimbo, maana maji hupanda taratibu kwenye tundu lililopigwa.

"Ulifikiri nachoka," Mzee Miteq alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

Hakusema kama amesamehe. "Ulivyovikata, ulivitupa?"

"Ninavyo vyote."

Tumsifu akatoa kinasa, akafungulia kituo cha saba, cha mtoni. Mbwa walihema. Fimbo ikagonga mara tatu. Kikombe kikalia, na sauti ya msichana, yenye kicheko ndani yake, ikauliza: "Baba, mbona hapa tunakaa sana?"

"Zima!" Mzee alikuwa amesimama. Alishika fremu ya dirisha, akalia kwa sauti, nao wanawake wawili wakalia pamoja naye.

Alipotulia alisema, "Virudishe vituo vyangu. Na sauti ya Ivalu usiiguse. Watakaosafiri wamsikie."

Tumsifu alifanya kazi siku mbili. Simu ya mkurugenzi iliita hadi ikachoka. Siku ya tatu, adhuhuri ya mwanga hafifu, Mzee Miteq aliufungua mdomo mtelezi mmoja kwa kisu, akapanda pamoja na Tumsifu. Walisimama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara mzee alishuka, akapiga, akasubiri, akarudi.

Kituo cha saba hakushuka. Alimpa Tumsifu fimbo.

"Nenda wewe. Ndiwe uliyeukataza mtelezi kusimama."

Tumsifu alitembea hatua chache mbele. Akapiga mara moja, pakalia pagumu. Mara ya pili, vilevile. Pigo la tatu fimbo ilizama mpaka karibu na kiganja chake, na maji meusi yakaanza kupanda polepole kuzunguka chuma. Unene ulikuwa wa kutosha kabisa kuyadanganya mawimbi na injinia wake. Aligeuka amwambie mzee kwamba hapapitiki.

Nyuma yake, ndani ya mtelezi, sauti ya Ivalu ilikuwa inauliza: "Baba, mbona hapa tunakaa sana?"

Safari hii mzee hakusema izimwe. Sauti mbili zikajibu kwa pamoja, ya kwenye spika na yake mwenyewe:

"Tulia, mwanangu. Muda tunao."