Tundu la Kitambaa cha Bi Mize

Jumanne asubuhi, chujio la chai liligoma. Mwamvua alimimina, chai ikajaa juu na kutulia humo humo kama mgeni aliyekaribishwa kulala. Akalinyanyua kwenye mwanga. Halikuziba kwa majani. Matundu yenyewe hayakuwepo. Chujio zima lilikuwa bati tupu.

"Vitu vya siku hizi," akasema, akanywa chai na majani yake.

Mwamvua alikuwa fundi wa kroshia anayetambulika mtaa mzima wa Makorora. Ua lolote la kitambaa akilitazama mara moja, keshalibeba kichwani. Hata matangani, wenzake wakimlilia marehemu, yeye alikuwa akihesabu minyororo ya kitambaa kilichofunika televisheni, na machozi yakimtoka vilevile, maana ni mtu wa heshima. Na akifuma hafumui. Mwisho wa uzi huuficha ndani ya kazi hivi kwamba hajazaliwa wa kuuona.

Ila mwaka huu maua yalimwishia. Kila nyumba nanasi, kila kochi tausi. Na Hasina, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa anaolewa Ijumaa, naye kaomba kitambaa cha meza ya chumbani chenye ua ambalo Tanga haijaliona.

Alilipata kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Mize, mganga wa Kipemba. Bibi alipoingia jikoni kuchemsha kahawa, upepo ukasukuma pazia la chumba cha ndani. Chini kulikuwa na chano cha majini, sinia la mayai, halua na marashi wanayoandaliwa kula, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho hakiguswi, hilo hata mtoto wa Pwani analijua. Mwamvua hakugusa. Alipiga picha tu.

Nyumbani, alipoikuza picha, akaona mzunguko wa mwisho umerukwa. Pembeni palibaki tundu la kupita kidole gumba.

"Maskini, macho ya bibi," akasema. Akafuma kila kitu kama kilivyo, isipokuwa lile kosa. Lile alilirekebisha.

Alimaliza Jumatatu, akakitia kitambaa kwenye status ya WhatsApp, wanawake wakammwagia mioyo. Jumanne likagoma chujio. Jumatano blauzi yake ikakosa matundu ya vifungo, na sindano zote koponi zikawa vijiti. Hapo hakuwalaumu tena wenye viwanda. Nyumba ilinuka udi, naye hakuwa amefukiza.

Alhamisi saa nne Hasina akaingia na sanduku la nguo. Mwamvua akafunga mlango kwa ufunguo, maana bibi harusi haonwi ovyo.

"Shikamoo mamdogo. Mbona udi mapema hivi? Bwana harusi mwenyewe bado hajaoga."

"Marahaba. Jaribu hereni, tuone."

Hasina akasogea kwenye kioo. Akahangaika na hereni muda mrefu.

"Mamdogo," akasema taratibu. "Sikio langu halina tundu."

Mwamvua akalishika sikio lile, alilolitoboa mwenyewe kwa sindano na uzi miaka ishirini iliyopita. Lilikuwa laini, zima, kama la mtoto wa jana. Akashika la pili. Akachukua ufunguo, akaenda mlangoni bila kukimbia ili asimtishe mtoto, akapapasa kitasa juu na chini. Ufunguo haukuwa na pa kuingia.

"Dirishani," akanong'ona.

Lakini dirishani wavu wa mbu ulikuwa unaziba, tundu kwa tundu, kuanzia kingoni kuja katikati, mzunguko baada ya mzunguko, kwa mkono uleule anaofumia yeye, na kila tundu lilipofumba chumba kilizidi giza saa nne ya asubuhi, na udi ulizidi kukaba, na katika giza hilo Hasina alianza kuongea kwa sauti ya mtu mwenye mafua, akisema, "Mamdogo, pua, pua yangu inabana."

Mwamvua akaupiga ukuta kwa ngumi mbili.

"Bibi. Shikamoo bibi."

"Marahaba," ikajibu sauti ya Bi Mize upande wa pili. "Umepiga picha."

"Nimepiga."

"Ukafuma. Na lile tundu la mwisho?"

"Nililirekebisha, bibi. Nilidhani umepitiwa."

Mkongojo ukagonga sakafu ng'ambo ya ukuta.

"Hapo ndipo jini anapopitia kutoka, mwanangu. Huja akala, akatoka. Wewe umemwita kwa ua lake, kisha ukamfungia mlango. Naye anakufungia kama ulivyomfungia. Fumua. Usikate uzi, ukikata atabaki humo."

Mwamvua akakikumbatia kitambaa gizani akitafuta mwisho wa uzi, ule alioujivunia maisha yake yote kwamba hauonekani, akapapasa ukingo mara moja, mara mbili, vidole vikimteleza kwa jasho, na nyuma yake Hasina hakuwa anaongea tena, alikuwa anavuta hewa kwa mdomo, kwa mluzi, na mluzi ulikuwa ukizidi kuwa mwembamba, mpaka Mwamvua akautia ukingo mdomoni akautafuta kwa ulimi, fundo baada ya fundo, akakuta kijinundu kidogo kama punje ya ufuta, akaking'ata, akavuta.

Uzi ukaja. Alifumua mzunguko mzima akilia, hadi kidole gumba kikapenya.

Kitu baridi kikapita kwenye kidole kile, taratibu, kirefu kuliko kilivyostahili kuwa. Mwanga ukarudi dirishani kwa matone. Hasina akakohoa, akavuta hewa kwa pua kama mtu aliyezuka majini.

Ufunguo ukaingia kitasani, mlango ukafunguka, na nje alisimama Bi Mize na mkongojo wake. Hakuuliza hali.

"Picha hiyo iko wapi?"

"Nitaifuta, bibi. Ya kwako hajaiona mtu. Nilituma ya..." Mwamvua akaichukua simu mezani.

Status ya Jumatatu ilishafutika yenyewe. Lakini walioitazama walikuwa themanini na tatu. Juu kabisa ya meseji, ujumbe wa sauti wa Lea, shoga yake wa Pongwe. Akaufungua.

"Fundi wee, ua lako nimelimaliza jana usiku, halina hata kosa moja. Ila nikuulize kitu cha kijinga, usinicheke. Huko kwako, chujio linapitisha chai?"